Kiganja kimelegea hakinyanyuki: ni kiharusi, ni neva ya mkono, ni shingo au kitu kingine? Tulinganishe

Hili swali linakuja sana huku kwetu Nyanda za Juu, hasa Jumatatu asubuhi na hasa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mtu kaamka, kiganja kimoja kinaning'inia, akijaribu kukinyanyua kama anasimamisha daladala hakiendi, vidole navyo havinyooki, na nyumba nzima imeshaamua. Bibi anasema kapigwa na upepo, jirani anasema kiharusi, shemeji anasema kuna mkono wa mtu hapo, na kijana wa duka la dawa anafunga diklofenaki na vitamini B kwenye bahasha. Wote wanaangalia mkono uleule na hakuna aliyemuuliza mwenyewe maswali matatu yanayotenganisha haya mambo: ilianzaje, nini kingine kimelegea na nini hakijalegea, na ganzi iko sehemu gani.

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo hospitalini, hii mikono ndo naishi nayo, na kinachoniuma ni kwamba wengi wanafika wakiwa wameshapoteza miezi kwa kutibiwa kitu ambacho hawana. Kwahiyo leo tuweke hizi sababu ubavu kwa ubavu, ili ukiwa nyumbani Makete au Ludewa au Chunya ujue ipi ni ya kukimbia sa hivi, ipi ni ya kwenda wiki hii, na ipi unaweza kuisubiri huku unaifanyia kazi.

Kwanza ijue njia ya neva yenyewe, yani mshipa wa fahamu, maana ukiijua, nusu ya majibu unayo. Inaitwa neva ya radiali. Inatoka shingoni, inapita kwapani, inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeulalia mfupa kabisa, alafu inatokea upande wa nje karibu na kiwiko na hapo inagawanyika. Tawi moja linazama ndani ya misuli kwenda kunyoosha vidole, lingine linapita juujuu kwenda kuleta hisia nyuma ya kiganja, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Na njiani inagawa kwa zamu, wa kwanza ni msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko, wanafuata wa kunyanyua kifundo cha mkono, wa mwisho ni vidole na dole gumba. Ikibanwa juu, vyote vya chini vinalala. Ikibanwa chini, vya juu vinabaki vizima. Ni kama bomba la maji la mtaa, nyumba ya kwanza ikiwa na maji na ya pili haina, unajua pa kuchimba.

Kiharusi au neva?

Hapa ndo pa kuanzia maana ukikosea hapa mtu anaweza kufa au kubaki kitandani maisha yake yote.

Kiharusi kinakuja ghafla, mara nyingi mtu akiwa macho na anafanya kazi zake. Mama anapukuchua mahindi, hindi linamdondoka, anaokota, linadondoka tena. Neva ya mkono haifi hivyo, yenyewe inataka ibanwe, igongwe, ikatwe au ivutwe, lazima pawe na kitu. Ila shida ni kwamba kiharusi nacho kinaweza kumpata mtu usingizini, kwahiyo kuamka na mkono umelegea peke yake hakuamui chochote, lazima uangalie mwili wote. Mwambie acheke uone kama mdomo unaenda upande. Anyanyue mikono yote miwili mbele afumbe macho, uone kama mmoja unashuka. Aongee sentensi nzima. Atembee. Kimoja tu kikiwa na kasoro, achana na haya mengine yote ninayoandika hapa, tafuta gari.

Sasa kuna kiharusi kidogo kinachogusa sehemu ya ubongo inayoendesha kiganja tu, hapo uso mzima, mguu mzima, maneno yapo, na hata wataalamu kinawachanganya. Kuna vipimo viwili vya kufanya hapohapo mezani, na mimi navipenda kwasababu havihitaji hata shilingi.

Cha kwanza, mwambie akunje ngumi kwa nguvu. Mwenye neva ya radiali akikunja, kifundo kinazidi kuinama chini na ngumi inakuwa dhaifu, lakini ukimshikia wewe kifundo kikawa kimenyooka, nguvu inarudi palepale. Mwenye tatizo la ubongo mara nyingi akikunja ngumi kifundo kinanyanyuka chenyewe, kile ambacho alishindwa kukinyanyua kwa kutaka.

Cha pili, laza kiganja chake mezani kifudifudi, kitulie kabisa, alafu mwambie atanue vidole na kuvirudisha. Kazi hiyo inafanywa na neva nyingine, siyo ya radiali, kwahiyo mwenye radiali ataifanya vizuri. Ukimpima kiganja kikiwa kinaning'inia hewani atashindwa na utaapa mkono wote umekufa, na hapo ndo watu wengi wanapoandikiwa kiharusi ambacho hawana. Weka meza, usimpime hewani.

Ukibaki na wasiwasi, chukulia ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu mara ya mwisho mtu alipoonekana mzima, na siyo kabla ya siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, maana kiharusi cha damu kuvuja ndani ya kichwa kinafanana kabisa kwa nje na cha damu kuganda. Ndo maana nasema usimpe aspirini nyumbani, usimpe chai wala uji, na usimpe vidonge vya presha vya mzee mwingine. Kutoka vijiji vya ndani hayo masaa yanaliwa na barabara tu, kwahiyo piga simu mapema uulize wapi siti skani inafanya kazi siku hiyo, iwe Rufaa ya Kanda Mbeya, Ikonda au hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Na kama dalili za uso au maneno zilikuja zikaondoka zenyewe ndani ya nusu saa usishangilie ukarudi shambani, hilo ni onyo, nenda siku hiyohiyo.

Ukishajua ni neva, imebanwa wapi?

Ya kawaida kuliko zote ni ya usingizi. Mtu kanywa ulanzi au komoni, kalala kwenye kiti mkono umetupwa juu ya egemeo, au kwenye benchi la mbao, masaa yamepita na mbao imeikandamiza neva pale inapoulalia mfupa. Kawaida mtu akibanwa mkono usingizini anageuka bila kujijua, ila pombe inamuondolea hiyo akili. Tusiwaseme walevi tu lakini, dawa za usingizi zinafanya hivyohivyo, uchovu wa kupitiliza nao, abiria wa basi la usiku Dar kwenda Tunduma aliyelalia mkono, na mume ambaye mkewe kalala juu ya mkono wake usiku kucha. Alama zake ni hizi: kiwiko ananyoosha kwa nguvu kabisa, kifundo hakinyanyuki, vidole havinyooki, ganzi ipo kwenye kale kaeneo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na maumivu ni kidogo au hakuna. Ukiiona picha hii yote imekamilika pumua kidogo, wengi wao mkono unarudi ndani ya wiki chache mpaka miezi 3 au 4. Hospitali bado uende ukathibitishe, ila siyo ya kuuza ng'ombe.

Ya kwapani inafanana nayo ila kiwiko nacho hakina nguvu ya kunyooka. Hii naiona kwa watu wa magongo, kavunjika mguu kapewa magongo marefu ya kuazima, anajitundika kwapani. Gongo likae chini ya kwapa kwa nafasi ya vidole viwili vitatu hivi na uzito ubebwe na viganja. Ukilifupisha gongo umeshatibu nusu ya ugonjwa.

Ya chini ya kiwiko ndo inayopotea sana. Huyu kifundo ananyanyua, ila kinaenda kombo kuelekea upande wa dole gumba, vidole ndo havinyooki pale kwenye maungio ya kiganja, na ganzi hana kabisa. Kwasababu hana ganzi na kifundo kinapanda anaambiwa ni uchovu. Inawapata mafundi wanaozungusha mkono siku nzima, bisibisi na spana, au kuna uvimbe umekua ndani taratibu, mara nyingi wa mafuta tu, unaibana neva. Huyu asikae nyumbani kusubiri, afanyiwe ultrasaundi pale chini ya kiwiko, maana kama ni uvimbe hauondoki kwa mazoezi.

Ajali, na wale wanaounga mifupa

Bodaboda. Yani kuanzia Mbalizi mpaka Mafinga ni bodaboda. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, kati ya watu 100 kama 12 hivi wanapata na kulegea kwa kiganja, kwasababu neva imeulalia mfupa kama nilivyosema. Habari njema ni kwamba kwa waliovunjika bila kidonda, zaidi ya 70 kati ya 100 neva inarudi yenyewe bila kupasuliwa, kwahiyo daktari akisema tufunge tusubiri hajakupuuza.

Ila linganisha na hawa wengine. Aliyevunjika na kidonda kikawa wazi, au aliyekatwa na panga au msumeno kule kwenye mbao, huyo neva inaweza kuwa imekatika kweli, na neva iliyokatika vipande viwili haijiungi kwa kusubiri, anahitaji daktari wa upasuaji aiangalie mapema. Na yule ambaye kiganja kilikuwa kizima baada ya ajali, alafu kikalegea baada ya mfupa kuvutwa au kufungwa, aseme hivyo kwa sauti, maana ni habari tofauti kabisa. Ndo maana nashauri kabla mtu hajakufunga hogo, ile plasta ngumu, nyanyua kiganja mbele yake, onyesha kwamba kinanyanyuka au hakinyanyuki, na kiandikwe.

Kuhusu wazee wetu wanaounga mifupa kienyeji sitaki kuwabeza, kuna watu wamesaidiwa na hospitali iko mbali. Lakini vile vijiti vikikazwa kamba sana mkono unaanza kuvimba, maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinapauka au kuwa baridi, na ukijaribu kumnyoosha mgonjwa vidole analia. Hapo siyo neva tu, ni damu haipiti na misuli inakufa ndani ya masaa. Fungua usiku huohuo usingoje mzee arudi, alafu hospitali. Kamba inayofungwa kwa nguvu juu ya mkono mtu akiumwa na nyoka nayo inaua neva hivyohivyo, na sumu haizuii.

Sindano nayo ipo. Imechomwa chini sana au nyuma sana ya bega, mtu anahisi kama shoti ya umeme inashuka mpaka kwenye dole gumba palepale, na kiganja kinalegea siku hiyo. Ukisikia shoti sema sindano itolewe, usivumilie kwa adabu.

Shingo

Mtu wa shingo anakuja na hadithi ya maumivu kwanza. Shingo inauma, maumivu yanashuka nyuma ya bega, nyuma ya mkono, mpaka kidole cha kati, alafu nguvu ndo zinapungua. Neva inayotoka kati ya pingili za chini za shingo ikibanwa, udhaifu unafanana na wa radiali, ila angalia tofauti: huyu hata kukunja kifundo kwenda chini kwa nguvu kunamshinda, na hiyo si kazi ya radiali hata kidogo. Ganzi yake iko kidole cha kati, siyo kati ya gumba na shahada. Akigeuza shingo upande unaouma na kuangalia juu, umeme unashuka mkononi. Akiweka kiganja juu ya kichwa anapata nafuu, na wengine utawakuta wanalala hivyo bila kujua kwanini.

Wapakiaji wa viazi wale wa lumbesa kule Uyole na Isyonje, na akina mama wanaoshusha kuni kichwani mlimani, mkipata hii mpumzishe shingo kwanza. Wengi wanapona bila kisu. Isipokuwa miguu ikianza kuwa mizito au mkojo ukawa unashindwa kuzuilika, hapo uti wa mgongo wenyewe umeguswa na hiyo ni ya dharura kama kiharusi.

Zinazokuja taratibu

Kiganja kilicholegea kidogokidogo kwa wiki na miezi ni kundi jingine, usikiweke pamoja na cha usingizi.

Ukoma bado upo, na watu wanaona aibu kuutaja. Angalia ngozi, kuna baka lililopauka au jekundu lisilosikia ukiligusa na pamba? Neva zinashikika zimenenepa nyuma ya kiwiko? Ukoma unapenda zaidi neva ya kidole cha mwisho, lakini radiali nayo inaguswa. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea na aina, na kama nguvu zimepotea ndani ya miezi 6 iliyopita, dawa ya prednisoloni inayotolewa hospitali inaweza kuzirudisha. Baada ya hapo ni vigumu. Kwahiyo aibu ya miezi ndo inayoharibu mkono.

Risasi, nazungumzia madini, ile ya kwenye betri za gari. Anayepasua betri kuukuu na kuyeyusha risasi anavuta moshi wake, na mkono unaofanya kazi zaidi ndo unaanza kulegea, baadaye na wa pili. Ganzi hana au ni kidogo sana, ila tumbo linamkata, choo kigumu, damu imepungua. Ukiona viganja viwili vimelegea na tumbo linasokota, uliza kazi anayofanya kabla ya kuuliza kingine, na uulize na watoto wanacheza wapi, maana wao inawaharibu ubongo. Wachimbaji wa Chunya wanaochoma zebaki ni kitu kingine, zebaki inaleta zaidi kutetemeka kuliko kulegea.

Kisukari na virusi vya ukimwi vinaweza kushambulia neva moja moja, leo mkono huu, mwezi ujao mguu ule. Pima vyote viwili, havichukui muda. Na kuna yule anayelegea bila ganzi, bila maumivu, misuli inakonda na inachezacheza chini ya ngozi, huyo aende kwa daktari wa neva bila kuzungushwa, kwasababu ndani ya kundi hilo kuna ugonjwa mmoja unaotibika vizuri na mwingine usio na tiba, na kwa macho havitofautiki.

Mtoto chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, ripoti kituo cha afya siku hiyohiyo, wao wana utaratibu wao wa kuchunguza polio.

Nisisahau kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Aliyekatwa juu ya kiganja na kisu au bati, au mwenye baridi yabisi ya miaka, vidole havinyooki ila neva ni nzima, kamba yenyewe ndo imekatika. Mshike kifundo ukiinamishe taratibu wewe mwenyewe. Vidole vikijinyoosha vyenyewe kidogo kano zipo. Vikibaki vimelala, kano imekatika, na hiyo inashonwa mapema, siyo kusubiri.

Wakati unasubiri neva

Kusubiri siyo kukaa. Kiganja kikining'inia miezi mitatu viungo vinakakamaa na misuli inavutika, alafu neva ikirudi inakuta mkono haufunguki, na hili ndo linanisikitisha kuliko yote maana lilikuwa la kuzuilika kabisa. Unahitaji splinti inayoshika kifundo kimenyanyuka kidogo, nyuzi 20 mpaka 30, vidole vikiwa huru. Wengine wanatengenezewa ya kipande cha bomba la plastiki na sponji na inafanya kazi vizuri tu. Siku hiyohiyo ukiivaa utaona nguvu ya kushika kikombe na mpini wa jembe imerudi. Mara kadhaa kwa siku ivue, tumia mkono mzima kunyanyua kiganja kilicholegea na kunyoosha vidole vyote mpaka mwisho. Usikande na maji ya moto wala majani yaliyochemshwa, sehemu yenye ganzi inaungua bila wewe kujua. Chale hazina kazi hapa. Vitamini B inamsaidia aliyepungukiwa nayo, neva iliyobanwa na kiti haiamshi.

Neva iliyoumia ndani inakua kama milimita 1 kwa siku. Kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka msuli wa kwanza unaoisubiri ni kama sentimita 10, hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miezi 3. Kwahiyo wa mwezi wa pili asikate tamaa. Dalili ya kwanza ni kifundo kupanda kidogo kuelekea upande wa gumba, vidole vinafuata, dole gumba la mwisho. Ukigonga juu ya njia ya neva ukasikia vijisindano, na mwezi unaofuata vijisindano vimeshuka chini zaidi, inatembea. Kipimo cha umeme cha neva kinatoa jibu la maana baada ya wiki 3 hivi, ukikimbilia siku ya tatu unaweza kuambiwa vitu visivyo kamili.

Miezi 3 au 4 ikipita bila hata chembe ya mwendo, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji, na kwa wengi wetu hiyo ni safari ya Dar, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Usiambiwe endelea kusubiri mpaka mwaka na nusu, msuli uliokaa bila neva muda huo haurudi tena. Na kwa waliokwishachelewa kabisa bado ipo operesheni ya kuhamisha kano, wanachukua msuli mzima unaogeuza kiganja chini na wanaufunga unyanyue kifundo, unafungwa hogo kama wiki 4 alafu unafundishwa kazi mpya kwa mazoezi. Hata miaka ikiwa imepita inafanyika, mradi viungo havijakakamaa. Ukienda beba eksirei zote za zamani na karatasi yenye tarehe mkono ulipolegea, na uandike kitu cha kwanza kilichorudi kama kipo.